Miaka Thelathini na Mmoja Nyuma ya Kisiwa

Mtu anaweza kuzaliwa hatua mia mbili kutoka ziwani, akaoga humo, akafua humo, akanywa maji yake miaka nenda miaka rudi, na bado asilione ziwa lenyewe mpaka mvi zimjae kichwani. Ukibisha, kamwulize Bibi Kijiti.

Hilo si jina alilopewa na mama yake. Walimbandika watoto wa bandarini, kwa sababu kazi yake ilikuwa kwenda kila siku mwisho wa gati kutazama ubao mrefu uliofungwa kwenye nguzo ya zege. Ubao ulikuwa na mistari myeusi na myeupe na namba ubavuni, na ncha yake ya chini ilizama majini. Ndio uliosema kama ziwa limepanda au limeshuka. Bibi Kijiti aliusoma, akaandika namba kwenye kitabu cha ofisi ya maji, akarudi zake. Saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na mbili jioni. Waliosema hiyo ni kazi ya kitoto walikuwa wengi, na wote walikuwa watu wa kulala mpaka jua liwachome mgongoni.

Lakini tuanze utotoni, maana uchu wenyewe ulianzia huko.

Baba yake alikuwa fundi rangi wa meli. Waliishi vyumba viwili katika safu ya nyumba za wafanyakazi, nyuma ya ghala kubwa. Ukisimama mlangoni ulikuwa unaona pembe ya ghala, kisha maji, kisha nchi kavu upande wa pili yenye miti mirefu na moshi wa watu wanaopika. Siku moja, akiwa darasa la tatu, mwalimu akasimama mbele yao akasema ziwa lao ni kubwa mno, kiasi kwamba ukisimama ukingoni huoni ng'ambo.

Mtoto akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi naiona. Hata mbuzi wao nawaona."

Darasa zima liliangua kicheko, na mwalimu, aliyekuwa mwepesi wa kujisikia amevunjiwa heshima, akamtoa nje mpaka kengele ya mapumziko. Alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. Alimkuta baba yake kibarazani akijisugua rangi nyekundu vidoleni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akamshtakia.

Baba hakucheka. "Mwanangu, ile si ng'ambo. Kile ni kisiwa. Kimekaa mlangoni mwa ghuba yetu kama mtu mnene aliyesimama mlangoni mwa duka, huwezi kuona kilichomo ndani. Ziwa liko nyuma yake."

"Kubwa kiasi gani?"

Sasa baba huyu alikuwa mtu wa maneno. Angeweza kukusimulia pancha ya baiskeli kwa saa nzima na bado ukaomba aendelee. Akafungua kinywa. Akakifunga. Akatazama vidole vyake, akatazama upande wa kisiwa, mwisho akasema, "Siwezi kusema. Utakwenda ujionee."

Hilo ndilo lililomnasa. Mtoto alijua baba yake anaweza kusema chochote, na kumbe nyuma ya kile kisiwa kulikuwa na kitu kilichomfunga mdomo. Tangu siku hiyo hakuweza kuyatazama maji ya ghuba bila kuona kama anatazama ukumbi wa nyumba ya watu, akisubiri kukaribishwa ndani.

Hakukaribishwa. Baba hakuwahi kumpeleka. Meli alizozipaka rangi ziliondoka bila mafundi rangi, sembuse watoto wao. Alipokuwa na miaka kumi na mitano alipanda kilima kilicho nyuma ya mji, peke yake, viatu mkononi, akiwa na hakika kwamba huko juu atalikamata. Kisiwa kilikuwa kirefu kuliko kilima. Aliona mgongo wake wa miti na juu yake anga. Ila akagundua jambo moja: anga la upande ule halikuwa sawa na anga la upande wa mji. Lilikuwa jeupe zaidi, linang'aa kwa chini, kama dari ya chumba chenye beseni la maji juani. Alikaa pale mpaka njaa ikamshusha. Kulikuwa na maji mengi kiasi cha kubadilisha rangi ya mbingu, na yeye hajayaona! Alishuka kilima akilia bila kujua kama ni kwa furaha au kwa hasira.

Ndiyo maana ofisi ya maji ilipotafuta msomaji wa kipimo, akiwa na miaka ishirini na mitatu, alikimbilia kazi ile kama mwenye njaa. Aliona amelikaribia ziwa. Masikini, hakujua kwamba amejifunga kamba mguuni. Kwenda mpaka kukipita kisiwa na kurudi ilikuwa safari ya kutwa. Ukitoka asubuhi utakosa kipimo cha saa saba. Na kipimo kikikosekana, kitabu kinakuwa na pengo, na pengo halizibiki, kwa sababu maji ya jana hayarudi ukayapima leo. Hakukuwa na mtu wa kumshikia zamu. Likizo aliisikia kwa wengine.

Mara moja tu alimwachia mtu. Ilikuwa siku aliyojifungua binti yake, akamtuma mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma pale pale bandarini, mtu mwema na mcheshi. Mume alikwenda mara mbili, akarudi kifua mbele. Mke alipofungua kitabu, akakuta mistari miwili imeandikwa: *Kama jana. Kama jana.*

"Kama jana ni namba gani?" aliuliza, mtoto kifuani, sauti ikipanda.

"Mke wangu, maji ni yale yale. Ulitaka niandike nini, kwamba yamekusalimia?"

Hawakusemezana mpaka jioni. Kesho yake alfajiri, kanga kiunoni, mkono mmoja ukutani, alitembea mwenyewe mpaka mwisho wa gati.

Sasa nije kwenye siri yake.

Mwezi wa kwanza kazini aliandika alichokiona. Na alichokiona kilimshangaza. Asubuhi ubao ulisema hivi, mchana maji yamepanda upana wa kiganja, jioni yameshuka tena. Mvua haikunyesha. Mto haukufurika. Alidhani ni macho yake. Basi Jumapili moja akachukua kigoda na chupa ya chai, akakaa kando ya ubao kutwa nzima, akaandika kila saa inapogonga. Ziwa lilikuwa limetulia, hakuna hata kiwimbi cha kutikisa jani. Na bado maji yalipanda, polepole, bila kelele, yakafunika mstari baada ya mstari, yakasimama, yakashuka, yakaanza kupanda tena. Nywele zilimsimama. Ilikuwa kama kumtazama mtu aliyelala ukagundua kwamba anapumua. Alijua, hapo hapo kwenye kigoda chake, kwamba jambo hili halitoki ghubani. Linatoka nyuma ya kisiwa.

Akampelekea msimamizi wake namba zile kwa mikono miwili. Msimamizi alikuwa mzee wa makaratasi, miwani puani, hajawahi kufika mwisho wa gati kwa kuogopa kulowesha viatu. Alizisoma akazirudisha mezani.

"Ziwa si uji kwenye bakuli, litikisike. Binti, namba zikirukaruka hivi makao makuu watanirudishia kitabu. Zikitofautiana kwa siku moja, chukua ile ya katikati, iandike mara tatu. Umenielewa?"

"Lakini mzee, mimi nimeona."

"Umeona mawimbi. Kazi unaitaka, huitaki?"

Aliitaka. Akainamisha kichwa, akaandika ya katikati mara tatu. Msimamizi alistaafu, akaja mwingine, na mwingine, na hakuna aliyemwambia aache. Kitabu cha ofisi kikawa kinanyooka kama kitambaa kilichopigwa pasi, na makao makuu wakakisifu. Ila kila siku, kabla hajapanda ngazi kwenda ofisini, aliandika namba za kweli kwenye daftari la shule alilolificha chini ya kanga. Aliona haya mbele ya maji. Madaftari yakafika kumi na tisa, yakakaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Mumewe aliyajua, na aliyaita waume wenzake.

Basi miaka ikaenda hivyo, thelathini na mmoja, mpaka alipokuja mhandisi.

Alikuwa msichana wa umri wa binti yake, kutoka makao makuu, mwenye buti za mpira na kalamu tatu mfukoni. Alikuja na mashine: bomba la kusimamisha majini, na juu yake kisanduku chenye karatasi inayozunguka na kalamu inayochora mstari yenyewe, usiku na mchana. Alimwamkia Bibi Kijiti kwa heshima zote.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye yule wa kitabu kisicho na pengo? Huko kwetu unasifiwa sana."

"Marahaba mwanangu. Mimi ndiye."

"Basi tutakuwa pamoja. Hii tunaifunga hapa. Siku ya sita nakwenda na chombo cha utafiti kufunga ya pili ng'ambo ya ziwa, na nahitaji msomaji mzoefu wa kunisaidia kuoanisha vipimo. Ningependa twende wote."

Bibi Kijiti alishika nguzo ya zege. "Ng'ambo ya ziwa," alisema, "ile ng'ambo yenyewe? Nyuma ya kisiwa?"

"Ndiyo mama. Kutwa nzima majini. Hapa mashine itasoma kwa niaba yako."

Siku hiyo alifika nyumbani akaunguza mboga, akamwita mumewe kwa jina la mtoto, akapiga pasi gauni moja mara mbili. Mumewe alipoelewa kilichotokea aliacha utani. Alimshika bega, akasema, "Nenda, mke wangu. Ukirudi unisimulie." Usiku ule mwanamke wa miaka hamsini na minne alilala macho wazi kama mtoto anayesubiri nguo mpya.

Na sasa nitakuambia kosa alilolifanya, ambalo mtu mwingine yeyote duniani asingelifanya. Kwa siku tano zile, mashine ikichora hatua moja kutoka alipokuwa anasimama, aliendelea kuandika namba ya katikati mara tatu. Hakuwa mjinga. Mkono tu ulikuwa umezoea. Tena moyoni aliamini kwamba mashine kutoka makao makuu nayo itakuwa imefundwa adabu na makao makuu.

Mashine haikufundwa adabu. Siku ya tano mchana mhandisi alifungua kisanduku, akakunjua karatasi juu ya meza ya ofisini, kando yake akaweka kitabu. Mstari wa mashine ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka, kama mshono wa cherehani. Kitabu kilikuwa kimenyooka. Mhandisi alitazama kimoja, akatazama kingine, kwa muda mrefu. Alipoinua uso, ule uchangamfu ulikuwa umekwisha.

"Mama, naomba usinielewe vibaya. Hizi namba unaziandikia gatini au nyumbani?"

Damu ilimpanda mpaka masikioni. Miaka thelathini na mmoja ya jua na mvua! Siku za homa, siku za msiba, siku ile ya mtoto!

"Hakuna maji duniani yanayokaa sawa hivi," mhandisi alisema, sauti ya chini, kama mtu anayeumia yeye. "Samahani mama. Siwezi kwenda ng'ambo na mtu anayetunga namba. Kesho nitakwenda na nahodha tu."

Alitoka ofisini. Mbele yake kilikuwepo kisiwa, mahali pake, kimejaa mlangoni. Chombo cha utafiti kilikuwa kimefungwa gatini, cheupe, kidogo, chenye nafasi yake ndani, nafasi iliyokuwa yake mpaka robo saa iliyopita. Ningependa kusema kwamba alifikiri kwanza habari ya ukweli na uongo. Hakufikiri hivyo. Alifikiri: nitakufa sijaona.

Akaenda nyumbani karibu mbio. Alivuta sanduku la bati kutoka uvunguni. Alijua vizuri anachokifanya: akiyaonyesha madaftari, atakuwa amekiri kwa mkono wake kwamba kitabu cha serikali amekipotosha tangu ukurasa wa kwanza, na kiinua mgongo kinaweza kwenda na maji. Asipoyaonyesha, atabaki mvivu aliyekaa jikoni akibuni namba. Alipiga moyo konde, akapakia madaftari yote kumi na tisa kwenye beseni la kufulia, akalitwika kichwani. Watu wa bandarini walidhani anakwenda kufua.

Alilitua juu ya meza ya mhandisi.

"Kitabu cha ofisi ni cha uongo," alisema. "Niliagizwa, nikatii. Nimetii miaka mingi mno, na hilo ni langu, si la aliyeniagiza. Lakini gatini nimekwenda. Kila siku. Hizi ndizo nilizoziona."

Mhandisi alifungua daftari la juu. Akafungua la pili. Akavuta kiti akakaa. Nje kreni ilikuwa inapiga kelele, winchi zinalia, na humo ndani ilisikika sauti ya kurasa tu. Baada ya muda akasimama ghafla, akatoa kompyuta yake kwenye begi, akatafuta kitu, akaanza kulinganisha kwa kidole, midomo ikimcheza.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "ng'ambo kuna mzee anayesoma kipimo kama wewe. Namba zake zinarukaruka. Tumezikataa kwa miaka ishirini na sita."

"Mmezikataa kwa nini?"

Mhandisi aligusa kitabu cha ofisi. "Kwa sababu zako zilikuwa zimetulia."

Hapo Bibi Kijiti alikaa chini. Hili hakulijua. Alikuwa amedhani uongo wake umelala ndani ya kitabu bila kumgusa mtu, kumbe ulivuka maji ukaenda kumfanya mtu mwingine mwongo.

Mhandisi alikuwa tayari amepiga simu ng'ambo na kuiweka mezani sauti ikiwa juu. Ikapokewa na mtu mwenye sauti ya mikwaruzo.

"Mzee shikamoo. Naomba unisomee kitabu chako. Nitakutajia siku."

"Marahaba. Mtakiamini leo?"

"Soma tu mzee."

Alitaja tarehe. Mzee akasoma: asubuhi chini, mchana juu, jioni chini. Bibi Kijiti akafungua daftari lake siku hiyo hiyo, akasoma kwa sauti: asubuhi juu, mchana chini, jioni juu. Wakaenda siku nyingine. Ya mzee juu, yake chini. Mwaka mwingine, msimu mwingine. Chini, juu, juu, chini. Mzee alisoma kwa sauti ya kawaida, kama anayeita majina ya wanafunzi, na kila alichosema, Bibi Kijiti alikuwa na kinyume chake chini ya kidole. Ziwa lote, upana wote ule ambao mwalimu alishindwa kuuonyesha na baba akashindwa kuusema, lilikuwa linainama upande mmoja kisha upande wa pili, kama maji kwenye karai linalobebwa na mtu. Na kwa miaka yote hiyo watu wawili wasiojuana walikuwa wamesimama kwenye kingo zake mbili wakiandika kila lilipowafikia. Alitaka kucheka. Akajikuta anafuta machozi kwa pindo la kanga.

Mhandisi alikata simu. Walitazamana, msichana na mama, kama watu waliotoka kuona kitu wasichopaswa kukiona.

"Makao makuu nitawaambia mwenyewe," mhandisi alisema mwisho. "Ya kitabu na ya madaftari, yote, kama yalivyo. Sijui watasemaje. Lakini kesho tunaondoka saa kumi na moja alfajiri. Usichelewe, mama."

Mumewe alimsindikiza mpaka gatini, kumekucha nusu, begi la mkewe mkononi. "Mashine naiona," alisema, "ila na mimi nitasoma. Mashine na fundi vyuma huwa wanaelewana."

"Usije ukaandika *kama jana*."

"Nitaandika yamekusalimia."

Chombo kiling'oa nanga. Ghuba ilipita pole pole: vichaka vya matete, nyumba za ufukweni, na kisiwa kikikua, kikikua, mpaka kikawa ukuta, na miti yake ikawa miti kweli yenye ndege na mizizi. Walikizunguka kwa muda mrefu. Bibi Kijiti alisimama mbele kabisa, ameshika chuma kwa mikono miwili. Nahodha, mtu mzima aliyezoea abiria wanaotapika, alimwambia akae. Hakusikia.

Kisha kisiwa kikaisha.

Hakukuwa na kitu. Alitafuta ng'ambo, kwa mazoea, kama unavyotafuta ukuta gizani, na jicho lake likaenda, likaenda, halikugota popote. Maji yalianza chini ya miguu yake yakiwa ya kijani, yakawa ya buluu, yakawa meusi, yakawa ya fedha, na huko mwisho yakaungana na mbingu kwa mstari mmoja mrefu usio na doa wala pengo, kutoka mkono wa kushoto mpaka wa kulia. Upepo ulikuwa mwingine. Harufu ilikuwa nyingine. Hata mlio wa injini, uliokuwa mkubwa ghubani, huku ulikuwa mdogo kama cherehani ya jirani. Aliogopa, nisikufiche. Ulikuwa woga wa mtu aliyeona udogo wake kwa mara ya kwanza. Na ndani ya woga huo kulikuwa na furaha kubwa kiasi cha kumwumiza kifua. Alikuwa amekipima kitu hiki maisha yake yote kwa ubao wa upana wa kiganja.

"Shikamoo," alisema.

Lilimtoka tu, kama linavyokutoka mbele ya mkubwa. Nahodha alicheka. Akageuka kumtazama mhandisi wacheke wote, akamkuta msichana yule hacheki, akaacha.

Alisimama hivyo karibu kutwa. Saa saba ilipofika alitazama saa yake, akaona hakuna ubao, hakuna nguzo, hakuna ukingo wa kusema maji yamefika wapi. Yalikuwa yanapanda au yanashuka? Hakukuwa na mtu wa kujua. Alipewa chakula akakisahau mkononi.

Ng'ambo ilijitokeza alasiri, kwanza kama moshi, kisha kama mchoro wa penseli, mwisho matete. Matete marefu kuliko mtu, yaliyojipanga pande zote za mkondo mwembamba. Wakaingia humo, na ziwa nyuma yao likafungwa kama mlango. Mwisho wa mkondo palikuwa na gati la mbao, nguzo, ubao wa mistari myeusi na myeupe, na mzee mrefu mwembamba mwenye kofia ya kitambaa, kitabu kwapani.

Alimtazama Bibi Kijiti akishuka. "Kumbe ndiye wewe," alisema, "uliyekuwa ukinichukulia maji yangu kila siku."

"Na wewe ukinichukulia yangu." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Ndugu yangu, nimekuja na deni. Mimi ndiye niliyekufanya uitwe mwongo. Namba zangu za kitabuni nilizinyoosha. Nisamehe."

Mzee alitazama ubao wake, kana kwamba ndio utakaojibu. "Waliniandikia barua," alisema taratibu. "Kwamba nipimwe macho. Mke wangu, marehemu, naye akaanza kunishikia mkono nikivuka barabara." Akavuta pumzi. "Jana uliposoma yako kwenye simu, nilitoka nje nikakaa peke yangu. Basi. Nimeshakusamehe tangu jana."

Nahodha na mhandisi walikuwa wanafunga mashine, nyundo zikilia. Jua lilikuwa limeshuka. Wale wawili walisimama kando ya ubao kama majirani, wakitazama matete. Mzee alikohoa.

"Hebu niambie," alisema, bila kumtazama. "Kule katikati kukoje?"

Bibi Kijiti alimgeukia. Akayatazama matete pande zote, ule mkondo mwembamba, mji wenye barabara moja nyuma yao. Akahesabu: saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na mbili jioni, miaka ishirini na sita. Akafungua kinywa amweleze. Akakifunga.

"Mwanangu," alimwita mhandisi, "si ulisema kuna boya la kwenda kutupa nje, kabla jua halijazama?"

"Ndiyo mama. Tunamaliza hapa tunakwenda. Dakika kumi tu mpaka kutoka kwenye matete."

"Mchukueni mzee."

Mzee alirudi nyuma hatua moja. "Hapana, hapana. Imebaki robo saa. Nina cha saa kumi na mbili."

"Najua," alisema Bibi Kijiti, akanyoosha mkono. "Lete kitabu."

Mzee alimtazama, na macho yake yaliloa. Alikitoa kitabu kwapani polepole, akampa, na penseli. Nahodha akamshika mkono kumwingiza chomboni. Injini ikawaka.

Saa kumi na mbili kamili Bibi Kijiti aliinama, akasoma ubao, akaandika namba kama ilivyokuwa. Alipoinua kichwa chombo kilikuwa kinafika kwenye matete ya mwisho, kidogo, na mbele yake mtu mmoja mrefu alikuwa amesimama, anavua kofia.